Sifa Zimwendee Mwenye Tairi Nene

Watu wa Tunduru tumewahi kusifu mengi. Tumesifu korosho bei inapopanda mnadani. Tumesifu mawe ya Mto Muhuwesi, yaliyotuletea wanunuzi kutoka Sri Lanka na Thailand katika miaka ya 1990. Wapo waliosifu hata tembo, ingawa hao hawana shamba. Lakini kuna mmoja anayetupita kila siku kwa kishindo na hajapata hata ubeti: shangingi lililovuliwa matairi ya kiwandani, likavalishwa ringi za kununua na matairi yanayochungulia nje ya madigadi. Leo nalipa deni hilo.

Kwanza nisifu adabu yake. Enzi za vumbi na tope, lori la korosho lilipoweza kulala siku kadhaa kati ya Namtumbo na hapa, Land Rover 109 zilipita kwa tairi la 7.50-16, refu na jembamba, lililokata tope mpaka likakuta ardhi ngumu. Waliokuwa ndani walitaka kufika tu, hawakuwa na haja nyingine. Aprili 2019 ikazinduliwa barabara ya lami ya Namtumbo hadi Tunduru, kilomita 193, na hapo ndipo matairi yakaanza kunenepa. Mwenye roho ndogo atasema yamechelewa. Mimi naona ustaarabu: tairi pana halikutaka kuja kwetu kabla njia ya kulipokea haijasafishwa.

Tuje kwenye hesabu, maana sifa bila hesabu ni maneno ya kijiweni. Chukua Prado iliyotoka kiwandani na tairi la 265/65R17. Kipenyo chake ni milimita 776. Mwenye nayo anavalisha 285/70R17, kipenyo kinafika milimita 831. Tofauti ni 55, na kwa kuwa nusu yake inaishia juu ya ekseli, gari linainuka milimita 27 hivi, pungufu ya sentimita tatu. Mwenye gari huinuka zaidi ya hapo, ila huko rula haifiki.

Sasa gurudumu likizunguka mara moja gari linasogea asilimia 7 mbele zaidi, na dashibodi haijaambiwa. Songea hadi Tunduru ni kama kilomita 260. Yeye anafika amesomewa 243. Kilomita 17 zimepitwa bila kuandikwa popote, na siku ya kuuza gari atamwapia mnunuzi kwa moyo mweupe kwamba halijatembea sana. Niambie ni dawa gani nyingine ya kuzuia uzee inauzwa kwa jozi mbili.

Kasi nayo inanyenyekea. Kiwanda chenyewe huitilia dashibodi chumvi kidogo, isome zaidi ya mwendo halisi, kwa usalama wa dereva. Tairi kubwa linaifuta chumvi hiyo na kuendelea na safari zake. Mwenye shangingi anaingia kijijini, anakiona kibao cha 50, anatii sheria kwa macho yake mawili, na tochi ya trafiki inamsoma zaidi ya hapo. Anashuka, anaapa, anaonyesha dashibodi, analipa 30,000. Mzalendo gani mwingine huchangia mfuko wa serikali huku akiwa na uhakika kabisa kwamba hana kosa?

Hapa lazima nieleze kwamba kuna madhehebu mawili na hayasalimiani. Hawa niliowataja ni wa tairi kubwa. Wengine ni wa ringi kubwa: wanaweka inchi 20 na kuivisha 265/50, na kwa jumla gurudumu linabaki na urefu karibu uleule, milimita 773. Kilichopungua ni mpira. Kutoka ukingo wa ringi hadi lami kulikuwa na milimita 172, sasa zimebaki 132. Sentimita nne za godoro zimeuzwa ili chuma kionekane. Wa tairi kubwa huwaita hawa mabishoo. Wao hujibu kwamba wenzao wameazima matairi ya trekta. Mimi sichagui upande, ila nakiri kwamba wa ringi kubwa ndio wanaoijua barabara vizuri zaidi. Dereva wa kawaida akivuka ukingo wa lami uliomegeka hasikii kitu. Huyu anasikia mpaka kokoto iliyotumika.

Nani hulisha gereji? Gari la kawaida fundi huliona likija kubadili oili, likaondoka. Lililovalishwa makubwa huwa mteja wa kudumu. Siku ya kwanza usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linasugua. Fundi anainama, anachungulia, anafuta mikono.

"Bosi, hapa tukate kidogo."

"Kata tu, fundi."

Grainda inalia, plastiki ya ndani ya madigadi inaondoka. Bado linasugua, kwa hiyo zinawekwa spesa ili gurudumu litoke nje. Likishatoka nje linaanza kuikamua beringi, kisha zamu ya bushi, kisha tairodi. Shokapu zilizoundwa kwa gurudumu jepesi zinajikuta zinatuliza mzigo ambao hazikuambiwa. Kila kifaa kina nauli yake ya basi kutoka Songea, na kama Songea hakipo, kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Watoto wa fundi wanasoma.

Nati nazo zina hekima yake. Ringi nyingi za aloi za Toyota za kiwandani hufungwa kwa nati zenye uso bapa. Ringi nyingi za kununua zinataka zenye koni. Asiyeambiwa hufunga zile za zamani, zinakaza vizuri kabisa, na baada ya siku kadhaa za mtetemo anajaliwa kuliona gurudumu lake likimtangulia barabarani. Wangapi kati yetu tumewahi kuona gari letu wenyewe kwa mbele tukiwa tunaliendesha?

Breki ni zilezile, lakini gurudumu limekua, kwa hiyo inahitajika nguvu zaidi kulizuia. Ukishuka milima ya barabara ya Mbinga utaikumbuka imani yako, iwe ya msikitini au ya kanisani. Ukipanda, gia zote zimekuwa nzito kwa asilimia 7 zilezile, na mwenye kituo cha mafuta anakusalimia kwa jina.

Tairi la akiba silizungumzii sana. Wengine huacha la zamani mlangoni. Wakilifunga, Prado, inayovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, inakuwa na tairi moja fupi, na difu ya katikati inafanya kazi isiyo yake mchana kutwa. Wengine hununua la tano lililo sawa na mengine, na bawaba za mlango wa nyuma zinaanza kuinama kwa heshima.

Utauliza shangingi lenyewe linakwenda wapi. Swali la kukosa malezi. Mchanga ndio unaotaka upana wa tairi, na mchanga tunao, ukishuka Nalasi na Lukumbule kuelekea Mto Ruvuma. Huko anakwenda bodaboda mwenye tairi lisilofika upana wa kiganja, na gunia la korosho nyuma. Inakwenda Land Cruiser mkonga kufuata mgonjwa, na ringi zake za chuma ambazo hazijawahi kuoshwa kwa upendo. Shangingi letu linabaki mjini, Majengo, limeegeshwa kwa pembe, magurudumu ya mbele yamekatwa kidogo ili ringi ionekane na wanaopita. Kutumia kitu kile ni kukichafua.

Upungufu nauona mmoja tu. Shule nyingi za vijijini kengele yake ni ringi ya chuma iliyotundikwa mwembeni, na ringi ya chuma ikipinda hugongwa nyundo ikarudi kazini, ama barabarani ama mwembeni. Ya aloi ikikuta shimo mara nyingi hupasuka, na iliyopasuka hailii. Kwa hiyo haiwezi hata kuwaita watoto kwenye hesabu, somo ambalo pengine lingemfaa mwenye nayo kabla hajainunua. Lakini nimeahidi sifa, nisirudi nyuma.

Juzi nimesikia kwamba Dar es Salaam kuna za inchi 22. Nati ni sita zilezile. Kilichobaki ni madigadi, na grainda ipo.