Namna Nne za Kuhamisha Ulimwengu: Jaribio la Uainishaji

Wanyama na mimea walishampata Carl Linnaeus wa kuwapanga. Malimwengu ya kubuni, yale ambamo wachezaji wa Dungeons & Dragons hurusha dadu na kupambana na majoka, bado yamekaa shaghalabaghala. Tatizo lake ni la kudumu: kila baada ya miaka kadhaa mchapishaji hutoa kanuni mpya, na ulimwengu ulioandikwa kwa kanuni za zamani hulazimika kuzihamia pamoja na watu wake, miungu yake na viporo vyake. Uchunguzi wetu umebaini namna nne za uhamaji. Kubaki na vitabu vya zamani hakukuhesabiwa, kwa kuwa hakumwingizii mchapishaji hata senti.

Namna ya kwanza ni Msiba. Kielelezo chake ni Forgotten Realms, ulimwengu wa Mkanada Ed Greenwood, uliotolewa na kampuni ya TSR mwaka 1987. Mwaka 1989 toleo la pili la kanuni liliondoa daraja la muuaji wa kukodiwa. Mhariri wa kawaida angefuta ukurasa, basi. Hapa mungu dhalimu Bane aliwafyeka wauaji wote kwa mkupuo ili apate nguvu za kupigana na Torm mjini Tantras, na miungu hao wawili wakauana. Watu wenye kazi zao, familia zao na visu vyao walikwisha kwa sababu sura moja ya kitabu ilipunguzwa. Sijaona mabadiliko ya kanuni yaliyotekelezwa kwa bidii namna hiyo.

Msiba una uzao. Mwaka 2008 toleo la nne liliwaondolea wachawi kazi ya kuandaa sehemu kubwa ya uchawi wao kila siku. Mwingine sasa waliutumia wakati wowote, mwingine mara moja kwa pambano. Ili jambo hilo lieleweke katika Forgotten Realms, mungu Cyric alimuua Mystra, mungu wa uchawi, mungu mwenzake Shar akiwa mshirika wake. Moto wa buluu ukaunguza nchi, na kalenda ikarushwa kutoka 1385 hadi 1479. Binadamu wengi waliozoeleka na wachezaji walifia katika pengo hilo, kwa uzee tu. Toleo la tano lilipofika mwaka 2014, Mystra alikuwa amerudi, baada ya msukosuko mwingine.

Namna ya pili, Kimya, ndiyo inayomsumbua mtafiti. Mwaka 2000 toleo la tatu liliipindua hesabu ya kinga: namba ndogo, iliyokuwa bora, ikawa mbaya. Watu wafupi wa milimani, waliopigwa marufuku kuwa wachawi, wakaruhusiwa. Hakuna mungu aliyepata hata mafua. Ni wazi kwamba idadi ya maiti haiendani na ukubwa wa mabadiliko.

Ya tatu ni Kurudisha Saa. Dark Sun, ulimwengu wa 1991, iliharibiwa na riwaya zake zenyewe, zilizowamaliza wafalme wake wachawi kadhaa. Toleo la 2010 liliirudisha hadi muda mfupi baada ya kifo cha Kalak, mtawala wa Tyr. Waliosoma riwaya zote wakabaki na historia ambayo haijatokea.

Ya nne ni Walikuwepo, na hiyo ndiyo bora. Mwaka 2008 watu-joka waliingizwa miongoni mwa jamii za msingi. Forgotten Realms iliwaleta kutoka ulimwengu mwingine, wakiwa na kipande chao cha ardhi. Eberron ya Keith Baker ilisema tu kwamba wanaishi Q'barra tangu zamani. Wengine ndio hawakuwatazama vizuri. Vitabu vikuu vya Eberron vya 2004, 2009 na 2019 vyote vinaanzia mwaka 998 wa kalenda yake, na hakuna aliyezikwa.

Kitabu cha wachezaji cha 2024 hakina tena nusu-orki. Ewe mwongoza mchezo uliye naye mezani kwako, tafadhali usimwite Bane. Mwache amalizie safari yake.