Presha ya Volti

Tangu juzi, kuanzia sokoni Nateete hadi steji ya taksi, naitwa Musawo, yaani daktari. Chanzo ni osiloskopu ya mtumba niliyoishusha kwenye boda: kioo kijani, mstari unatembea. Muuza matooke akakata shauri kwamba ni mashine ya moyo. Sijafungua mdomo, kidole chake kiko kwenye ncha ya probu, na wimbi limeruka.

"Musawo, presha iko juu?"

"Nnyabo, huo si moyo. Ni umeme wa nyaya za ukutani, mwili wako unaudaka: mizunguko 50 kwa sekunde. Moyo ungekuwa unapiga mara 3,000 kwa dakika!"

Kati ya hayo yote walisikia 3,000. Akapiga yowe, foleni ikajipanga.

Basi nikawahutubia. Ndani mna bomba la aina aliyoibuni Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Mwali wa elektroni unafagia kioo kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo uleule, huku volti inayopimwa ikiupandisha na kuushusha. Utamu wenyewe ni triga: inangoja volti ifike kimo ulichokichagua, ndipo inauachia mwali. Kila safari inaanzia palepale, mchoro unalalia mchoro, na kitu kinachokwenda mbio namna ile kinasimama tuli ukitazame. Bila triga, ni vurugu tupu ya kijani. Nilikuwa nimepandwa na mori hasa, mzee mmoja akauliza kama inapima na sukari.

Kabla ya osiloskopu hiyo nilikuwa na nyingine ndogo, DSO138 ya kujiungia mwenyewe: kilohezi 200, yafaa kwa sauti, kristali ya Arduino ya megahezi 16 haiioni kabisa.

Niliwahi kununua na ya tatu, ya kushika mkononi; hiyo siicheki. Boksi limeandikwa megahezi 100. Mashine ya kweli, ikifika ukomo wake, wimbi la volti 10 huonyesha kama 7. Hii ilipofika megahezi 30 tu ilikuwa imeshazirai. Risiti inasema mali ikiuzwa hairudishwi. Mwenye fedha hununua osiloskopu ya Rigol akalala. Anayejifunza kwa akiba ya mboga anauziwa uongo ndani ya chombo kilekile alichokitegemea kimwambie ukweli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wingi wa sampuli kwa sekunde usikupumbaze. Tazama upana wa masafa: uwe walau mara tano ya masafa ya ishara unayoipima. Na kabla hujatoa shilingi, dai iwashwe mbele yako.