Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Kuwapokea Wazazi wa Skauti, Popote Ilipo

Kwa Mkuu wa Ofisi,
Mapokezi ya Wazazi Wapya wa Skauti,
S.L.P. (litajazwa ofisi ikipatikana),
Kajiado.

Bwana au Bibi,

MINTARAFU: PONGEZI KWA KUTUNYAMAZIA

Ninaandika kwa heshima na taadhima kukupongeza. Tangu binti yangu wa miaka saba aandikishwe kuwa Sungura, ngazi ya kwanza ya skauti, katika kundi moja la huku Kona Baridi, ofisi yako haijanisumbua hata mara moja. Haijaniambia mtoto atajifunza nini, wanakutana siku gani, nani atakuwa naye, wala kwa nini skafu yake lazima iwe ya rangi ambayo fundi wa Kiserian anaapa hajawahi kuiona dukani. Katika nchi ambayo hata kampuni za kamari zinanitakia heri ya siku ya kuzaliwa kwa ujumbe wa simu, kimya chako ni cha kupigiwa mfano.

Usidhani sikukutafuta. Mmoja aliniambia uko Kitengela. Mwingine akakana, akasema uko Kajiado mjini, kwenye makao makuu ya kaunti. Labda hujui maneno hayo yana uzito gani kwa mtu wa Kona Baridi. Sisi tuko Barabara ya Magadi, ukingoni kabisa, pale ardhi inapokatika na kuporomoka kuelekea Bonde la Ufa, na upepo ukikushika hauna haraka ya kukuachilia. Kuja kwako ni kwenda kwanza Kiserian, kushika barabara ya Isinya, kutokea Barabara ya Namanga, ndipo uchague: kushoto Kitengela, kulia Kajiado. Kwa mujibu wa ramani tuko kaunti moja. Kwa mujibu wa nauli, wewe uko nchi jirani. Nilifika Isinya, nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikanunua maziwa, nikarudi nyumbani.

Huko njiani nilipata muda wa kusoma kidogo habari za skauti, na nikazidi kukustahi. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana kisiwa cha Brownsea, Uingereza, kwa kambi ya majaribio. Huko aliwagawa katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake, ili asiwepo mtoto asiyejua amuulize nani maji yako wapi. Uskauti wote umejengwa juu ya wazo hilo dogo, na ulipoingia Kenya mwaka 1910 ulikuja nalo. Leo mtoto wa Kenya anaanza akiwa Sungura, anakuwa Chipukizi, kisha Mwamba, kisha Jasiri. Kila hatua ina ahadi yake, beji zake, na mtu wa kumshika mkono. Mtoto ana kikosi, kikosi kina kiongozi, kiongozi ana mwalimu mlezi, mwalimu ana kamishna, na juu kabisa Rais wa Jamhuri ndiye mlezi wa skauti wote. Ngazi imekamilika, haijakosa kipago. Mzazi yuko wapi kwenye ngazi hiyo? Mzazi yuko M-Pesa.

Wala silalamiki. Natambua kwamba kutoelezwa ni sehemu ya mafunzo. Skauti akiachwa porini na dira hujifunza kutafuta njia. Mzazi akiachwa kwenye grupu la WhatsApp bila dira hujifunza zaidi. Kwa mfano, nimejifunza kwamba ujumbe muhimu huingia watu wakiwa wamekwisha kufunga milango: “Wazazi, kesho watoto waje na kamba, sufuria kuukuu na fimbo.” Kamba ya urefu gani? Sufuria ya nini? Fimbo ya kutembelea au ya kusimamishia hema? Chini yake wazazi wengine wameandika “Sawa mwalimu”, “Ubarikiwe”, na mmoja, sijui alikuwa na lake, ameweka picha ya waridi. Mtaala wa umilisi ulikuwa umekwisha kutuzoesha kuzunguka usiku na tochi tukitafuta maboksi na vifuniko vya chupa, kwa hiyo fimbo niliipata. Ilikuwa ndefu mno. Ilirudishwa.

Unaweza kuuliza mbona nisiulize. Nitakujibu kwa kukueleza sheria ya mikutano ya wazazi huku kwetu, ambayo haijaandikwa popote na haijawahi kuvunjwa: anayeuliza swali anatoka pale akiwa mwenyekiti. Akiuliza la pili anakuwa mweka hazina pia. Wazazi wapya hujifunza sheria hii upesi kuliko watoto wanavyojifunza fundo la kwanza, na ndiyo maana ukifika kwenye mkutano wetu utakuta watu wazima, wenye digrii na mifugo, wakitazama viatu vyao kwa makini sana.

Lakini kuna hasara moja ambayo nadhani ofisi yako ikipatikana itanifidia. Binti yangu alirudi nyumbani akiwa amefundishwa salamu ya skauti, na siku hiyo mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Mtoto akasimama wima, akatabasamu, akamnyoshea bibi yake mkono wa kushoto. Huhitaji kuzaliwa Kajiado ili ujue kilichofuata. Bibi aliutazama ule mkono. Akaangalia kama wa kulia una jeraha. Haukuwa na jeraha. Kisha akanitazama mimi, na katika macho yale niliona malezi yote aliyonipa yakihesabiwa upya, senti kwa senti, na kukutwa yalipotea njiani.

Sasa najua, kwa juhudi zangu mwenyewe, kwamba skauti duniani kote husalimiana kwa mkono wa kushoto. Inasimuliwa kwamba Baden-Powell aliitoa desturi hiyo kwa Waashanti wa Ghana, ambao shujaa wao humpa mkono wa kushoto mtu anayemwamini, kwa kuwa ndio mkono wa ngao, na kuutoa ni kuiweka ngao chini. Hadithi nzuri, tena ya Kiafrika. Ingenifaa sana kama ningeipata kabla mama hajaketi. Nilipomsimulia baadaye alisikiliza mpaka mwisho, akasema Waashanti na wasalimiane hivyo huko huko kwao.

Mstari mmoja tu, Mkuu. “Mtoto atafundishwa salamu ya mkono wa kushoto; waandaeni wazee.” Ni karatasi ndogo mno hiyo.

Kisha kuna suala la saa. Watoto walipelekwa Nairobi kutembelea Rowallan, ile kambi ya skauti ya Jamhuri yenye jina la Lord Rowallan, aliyekuwa Skauti Mkuu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Safari ilikuwa njema, binti yangu bado anaisimulia. Ila hakuna aliyejua watarudi saa ngapi, na wazazi tulikusanyika langoni tukipigwa na ule upepo niliokutajia, kila taa ya gari inayopanda kutoka Kiserian tukiipokea kwa matumaini, na kila mara ni bauza la maji. Baden-Powell, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, ana alama kwenye kaburi lake: duara lenye nukta katikati. Katika alama za njia za skauti maana yake ni kwamba amekwenda nyumbani. Hata yeye, akiwa kaburini, ametoa taarifa. Nasi tunaomba basi likifika Karen mtu achore duara kwenye grupu, na nukta.

Hapa nitaacha kukusifu kwa aya moja, kisha nitaendelea. Mtoto akianza kulala kambini, mzazi ana haki ya kujua majina ya watu wazima watakaokuwepo, nani analala hema gani, nani anajua huduma ya kwanza, na akiugua usiku atapelekwa wapi na gari la nani. Uskauti duniani una sera za kuwalinda watoto, na kanuni iliyoenea kote ni kwamba mtu mzima asibaki faraghani peke yake na mtoto. Hayo si maswali ya mzazi mkorofi. Yangepaswa kujibiwa kabla hayajaulizwa, kwa maandishi, pamoja na namba ya simu inayopokelewa. Nilipoyagusia, mzazi mwenzangu alininong'oneza, “Nyamaza, watakufanya mwenyekiti.” Unaona sheria ile inavyofanya kazi.

Simlaumu mwalimu mlezi. Yeye hufundisha wiki nzima, kisha anajitolea, na simu anayotumia kututumia zile habari za usiku ina bando aliyojinunulia. Akiandika saa nne usiku ni kwa sababu ndiyo saa aliyokaa chini. Anafanya kazi yake na yako pia, Mkuu, na nadhani hata yeye hajawahi kukuona.

Anayeijua ofisi yako hasa ni mama mmoja anayeuza mboga stejini. Mwanawe alianza Sungura, sasa ni Mwamba. Nilimkuta akikata sukuma wiki, nikalalamika juu ya skafu, naye, bila kuinua kisu, akanimalizia mafunzo yote. Skafu usinunue, mtoto atavishwa siku ya kiapo. Kaptura nunua kubwa, atakua. Sare ya mkubwa haitupwi, inapitishwa kwa mdogo. Uliza kabla ya kwenda kwa fundi. Kamba ikiwa ndefu kuliko mtoto inatosha. Chakula cha kambi andika jina lako kwenye sufuria, la sivyo utapikia kijiji. Na siku ya kwanza usimwache mtoto langoni ukakimbilia kazini. Baki nusu saa, uwaone viongozi, nao wakuone. Hakuna aliyemteua, na hajawahi kuitwa kwenye semina.

Nikamkumbuka mwanahistoria Timothy Parsons. Katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu skauti na ukoloni Afrika anaeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyowatenga watoto kwa rangi huku sheria ya nne ya skauti ikitamka kwamba kila skauti ni ndugu wa mwenzake, na jinsi Waafrika walivyoanzisha makundi yao yasiyotambuliwa, yakiwemo ya shule huru za Wagikuyu. Mlango rasmi ulipofungwa, watu walijitengenezea wao. Kwa hiyo kimya chako si kipya, na wala hakijawahi kumzuia mtu. Wala maelezo bila ofisi si mapya: ukiteremka zaidi Barabara ya Magadi utafika Olorgesailie, ambako watu wa kale waliacha mashoka ya mawe yametapakaa ardhini. Nimeyaona. Hayana maandishi yoyote, lakini mtu akiyatazama anajua mara moja ashike wapi. Wamekushinda, Mkuu, kwa miaka laki kadhaa.

Ombi langu ni dogo. Mchukulie mzazi mpya kama Sungura. Mpe kikosi cha wazazi watano, na mmoja mzoefu wa kumwuliza maswali ya kipumbavu asubuhi, si usiku. Mpe hata beji, ukipenda: ya kwanza apewe akiweza kutaja siku ya mkutano, ya pili akijua jina la mtu aliye na mwanawe. Ya tatu apewe atakayeuliza swali mkutanini akarudi kwake bila cheo. Na yule mama wa stejini mlipeni nauli aje awafundishe. Akikataa kuacha mboga zake, ihamishieni ofisi pale pale. Kivuli kipo, na matatu zote zinasimama.

Wako mtiifu,

Mzazi wa Sungura,
Kona Baridi.

Nakala kwa:
Mwalimu mlezi (asihofu, hajatajwa)
Fundi cherehani, Kiserian (skafu imefutwa, endelea na kaptura)
Bibi yake mtoto (ipelekwe kwa mkono wa kulia)