Barua ya wazi: Naomba kiwanja gotini mwa kifaru

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji,
Jamhuri ya Sudan Kusini,
Juba.

YAH: MAOMBI YA KIWANJA, GOTI LA MGUU WA NYUMA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Agosti 2010, miezi mitano kabla ya kura ya maoni ya uhuru, wizara ya nyumba ya Serikali ya Sudan Kusini iliitangazia dunia kwamba miji mikuu ya majimbo yetu 10 itajengwa upya kwa maumbo. Juba ingekuwa kifaru. Wau ingekuwa twiga. Yambio, kwa sababu ambazo mimi si mtaalamu wa kuzihoji, ingekuwa nanasi. Gharama yake ilitajwa kuwa dola bilioni 10. Bajeti ya serikali nzima mwaka ule haikufika bilioni 2, lakini sitaki nionekane mtu wa hesabu ndogondogo.

Mpango wenyewe nimeufuatilia kama impasavyo mwombaji. Ofisi ya rais ilipangiwa jicho la kifaru. Makao makuu ya polisi yalipangiwa mdomo, na hapo mchoraji alionyesha kwamba anaijua nchi. Sikioni pangekuwa na bustani ya burudani, mgongoni viwanda, na sisi wananchi wa kawaida tungegawiwa miguu minne. Kule Wau, mtambo wa majitaka uliwekwa chini ya mkia wa twiga. Hapo nilivua kofia. Ni mara chache mpango wa serikali huheshimu maumbile kiasi hicho.

Naomba goti kwa sababu nimepima. Kwatoni maji ya mvua yatatuama, maana mitaro haikuonekana kwenye habari yoyote ya mradi huu, na sisi wa Gudele na Munuki tunajua mvua ya Juba inavyofanya pasipo na mtaro. Pajani najua watatangulia wakubwa. Goti linanitosha. Ila naomba ufafanuzi wa kitaalamu kabla sijalipia: kifaru huyu amesimama au anakaribia kulala? Akikunja mguu, nyumba yangu itahesabiwa iko kata gani?

Jambo la pili ni ukaguzi. Ukitaka kujenga chumba kimoja cha matofali katika mji huu, mtu wa serikali atafika na faili kuuliza kibali, hata kama hakuna aliyewahi kufika kuuliza maji unayapata wapi. (Tunayapata kwenye boza, Mheshimiwa, tunalipa kwa pipa.) Sasa mnyama wa mabilioni alikaguliwa na nani? Mhandisi au daktari wa mifugo? Nani alipiga muhuri kwenye pembe? Daniel Wani, katibu wa wizara wa wakati huo, aliwaeleza wanahabari kwamba lazima muwe wa kipekee ili mvutie watu. Hoja nzito. Ila upekee sijawahi kuuona katika fomu yoyote ya ukaguzi wa majengo.

Halafu, Septemba 2011, hata miezi mitatu ya uhuru haijatimia, Baraza la Mawaziri likaamua mji mkuu uhamie Ramciel, kwenye jimbo la Lakes. Kuhusu kifaru halikusema neno. Kwa hiyo leo tuna mji mkuu mmoja tunaokaa, wa pili ulioazimiwa, na wa tatu uliochorwa. Nchi jirani zinahangaika na mji mmoja mmoja.

Niruhusu sasa nikukumbushe kifaru mwingine, wa nyama na mifupa. Mwaka 1975 ndama wa kifaru mweupe wa kaskazini alikamatwa Shambe, kando ya Nile, katika ardhi ambayo sasa ni yetu. Wakamwita Sudan. Alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Chekoslovakia ya wakati ule, akakaa huko zaidi ya miaka 30. Desemba 2009 akahamishiwa Ol Pejeta, Laikipia. Yaani, kama wengi wetu, naye aliishi ukimbizini, akamalizia Kenya. Alikufa huko tarehe 19 Machi 2018, dume wa mwisho wa aina yake duniani. Akabaki binti yake Najin na mjukuu wake Fatu, nao wakilindwa na walinzi wenye bunduki kwenye nchi ya watu. Serikali ilipokuwa ikimchora kifaru wa lami na saruji, huyu alikuwa hai, na alikuwa na pasipoti ya kutosha kuitwa mwenzetu. Sijui kama kuna aliyempelekea hata salamu.

Na wanyama tunao, Mheshimiwa, hawahitaji mchoraji. Juni 2024 serikali yenyewe pamoja na shirika la African Parks walitangaza matokeo ya sensa ya angani: swala wapatao milioni 6 huhama kila mwaka katika nyanda za Boma na Badingilo, kundi kubwa kuliko yote yajulikanayo ya wanyama wa nchi kavu wanaohama. Badingilo iko mlangoni mwa Juba. Wanachohitaji ni askari wa wanyamapori wanaolipwa mshahara kwa wakati.

Vivyo hivyo kwa mji. Mwaka 2022 lilifunguliwa juu ya mto wetu daraja jipya, Daraja la Uhuru, kwa msaada wa Japani. Halifanani na mnyama yeyote. Linavukika.

Kwa hiyo, ikiwa ombi langu la kiwanja litakataliwa, naomba angalau haya. Michoro ya 2010 iwekwe hadharani. Wananchi waambiwe iligharimu kiasi gani, alilipwa nani na nani aliidhinisha. Kisha kifaru, twiga na nanasi vifutwe rasmi, kwa barua yenye tarehe na sahihi, na faili lipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu badala ya kurudi kabatini. Naomba jibu kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Mwombaji, Gudele