Gesi Haijaisha, Shangazi

Fundi friji wa mtaani akishuka kwenye bodaboda huwa ameshajua ugonjwa: gesi imeisha. Hajafungua kitu, hajagusa waya, hata mwenye friji hajamsalimia. Friza ya maziwa Tandika, gesi imeisha. AC ya ofisini Upanga, gesi imeisha. Naamini ukimwita aje akuangalizie pasi ya mkaa ataizunguka, ataiinamia kidogo, kisha atatikisa kichwa na kukwambia hivyo hivyo.

Masikini gesi imebeba lawama hizi miaka nenda rudi bila wakili. Gesi ya friji haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inaingia ndani kubeba joto, inatoka nje kulitua, inarudi kuchukua jingine. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto tu. Mfumo usiovuja unaweza kuzeeka na gesi ileile uliyotoka nayo kiwandani. Gesi ikipungua, ujue pana tundu, na fundi anayejaza bila kulitafuta hilo tundu anajiwekea akiba ya kazi ya mwezi ujao. Mataifa yamekalia vikao vizito kuhusu gesi hizi: Montreal mwaka 1987, kwa kuwa zilikuwa zinaharibu tabaka la ozoni, Kigali mwaka 2016, kwa kuwa zile zilizopokea kijiti zinaipasha dunia joto. Vumbi halijaitiwa hata kikao cha serikali ya mtaa.

Na vumbi ndilo lililomtesa shangazi yangu.

Shangazi ana duka Temeke, anauza kuku wa kisasa na samaki kutoka Feri, na nyuma ya duka amejenga chumba cha baridi cha kugandishia. Mashine yake imefungwa nje, uchochoroni, ndani ya nondo nene na kufuli mbili. Aliyechagua mahali pale aliwafikiria wezi peke yao. Kulia kuna kijana wa chipsi. Kushoto kuna seremala. Hatua chache mbele kuna akina mama wananyonyoa kuku tangu alfajiri. Feni ya mashine kazi yake ni kuvuta hewa ipite katikati ya koili, ibebe joto, iondoke nalo, na feni haichagui hewa. Ikavuta moshi wa mafuta ya chipsi, ukajipaka kwenye koili. Ikavuta unga wa mbao, ukanata kwenye mafuta. Ikavuta manyoya. Kiangazi kilipofika, vumbi la barabarani likaja kupiga lipu.

Dalili zilianza kwa upole. Kuku waliokuwa wagumu asubuhi, jioni wakawa wanabonyea. Umeme wa Luku ukawa unaisha huku shangazi bado anaikumbuka sura ya wakala aliyemuuzia. Uchunguzi ukaanzia pale uchunguzi wa duka unapoanzia siku zote, yaani kwa kijana wa dukani. Anafungua mlango mno. Kijana akaapa kwa mama yake. Ikaja zamu ya umeme wa mtaa, kwamba ni mdogo, hivyo kikanunuliwa kifaa cha kulinda friji, nacho kikawasha taa nzuri ya kijani huku samaki wakianza kunuka. Jirani mmoja akamvuta shangazi pembeni, akamnong'oneza kwamba biashara ikikua macho ya watu nayo yanakua, na kwamba yeye anamfahamu mtaalamu mmoja, yuko Tanga. Huyo mtaalamu hakuitwa, lakini nina hakika naye angesema gesi imeisha.

Kilichotuchanganya zaidi ni tabia ya mashine yenyewe. Jua likishika, inanguruma, inatetemeka, tik! Kimya. Kompresa ina kinga yake ndani: joto likizidi inajikata yenyewe, ikipoa inawaka tena. Sasa fundi anapigiwa simu saa saba mchana, anajibu "niko njiani," maana yake hajaoga, na anafika saa kumi na nusu. Muda huo mashine imeshapumzika, imepoa, inaunguruma kwa heshima zote. "Mbona nzima hii, mama?" Shangazi anabaki kuonekana mzushi mbele ya wateja wake. Fundi akiondoka na nauli yake, hajafika kona, tik!

Siku moja fundi akaikuta imezima kweli. Akafunga geji zake, akatikisa kichwa, akatamka yale maneno, akajaza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika rasmi.

Ili joto litoke, gesi ndani ya koili ya nje lazima iwe ya moto kuliko hewa iliyoizunguka. Dar es Salaam ya Februari, hewa ina nyuzi 32, 33 hivi. Koili safi inatosha kupanda kiasi cha nyuzi 10 au 15 juu ya hapo na kazi inakwenda. Koili ya shangazi ilikuwa mtu aliyevalishwa kabuti la Makete saa nane mchana Kariakoo, kisha akaambiwa akimbie. Joto halitoki, kwa hiyo linapanda, presha inapanda nalo, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi, inavuta umeme zaidi, inaungua taratibu. Mafundi wenye vipimo hukadiria kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka pale nje inaongeza matumizi ya umeme kwa asilimia 2 hadi 3. Ziongezeke nyuzi 15 hivi, halafu jiulize nani amekuwa akila faida ya kuku. Na ukimwongezea gesi huyu aliyekwisha kubanwa pumzi, presha inapanda juu zaidi. Mashine ikawa inajizima hata asubuhi. Fundi akafikiri sana, akasema huenda duka limemuuzia gesi feki.

Aliyetuokoa alikuja kama mteja. Binti mdogo tu, fulana ya kazi imechafuka mafuta begani, amekuja kununua kuku mzima. Akambonyeza kidole.

"Shikamoo mama. Huyu mbona laini?"

"Marahaba. Gesi imeisha, mwanangu," akajibu shangazi, na kwa sauti ya kitaalamu kabisa.

Binti akaomba aonyeshwe mashine. Kumbe amesoma friji na AC VETA Chang'ombe. Hakutoa geji. Alizima swichi kubwa, akasubiri feni isimame kabisa, akapenyeza vidole kwenye kona ya koili, akavuta. Likachomoka pande zima la kijivu, nene, lina mafuta, limekatika vipande viwili kwa uzito wake. Tukaliinamia wote. Manyoya ya kuku. Maranda ya mbao yaliyojikunja. Kijiti cha mshikaki. Na karatasi nyeusi tii ambayo shangazi aliitambua kwa ukubwa wake: risiti ya Luku. Karatasi za risiti zile zinaandikwa kwa joto, na koili, kwa bidii yake, ilikuwa imeiandika yote, mbele na pembeni, hadi hakuna tena pa kuandika.

Binti akataja bei ya kusafisha. Shangazi akashika kiuno. "Kupiga brashi tu, hela zote hizo?"

"Yule wa gesi ulimpa ngapi, mama?"

Shangazi akageuka kumgombeza kijana wa dukani kuhusu jambo lingine. Hapa mimi nina neno langu. Tunalipia kwa moyo mweupe kitu tusichokiona kikiingia kwenye bomba, lakini uchafu tunaouona kwa macho ukitolewa tunaona tunaibiwa. Gesi ina mtungi, ina geji zenye mishale, ina mlio wa fyuuu. Brashi haina heshima yoyote.

Habari zikaenea na washauri wakajaa. Seremala akaleta brashi ya waya. Kijana wa chipsi akasema shemeji yake ana mashine ya kuoshea magari, ile ya presha, dakika tano imekwisha. Kijana wa dukani, ambaye sasa alikuwa na hamu kubwa ya kusafishwa jina, akaja na dawa ya choo. Binti akawakataa wote bila kuinua sauti. Akamshika kijana wa chipsi kidole gumba, akakigandamiza kwa mbali kwenye vile vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kwenye koili: vikalala palepale. Kikilala kibati, hewa haipiti, na presha ya kuoshea magari ingevilaza vyote. Asidi ya chooni nayo inaila alumini, na chumvi ya bahari imeshaanza kuila bila kusaidiwa. Yeye alitumia brashi laini, kwa kufuata vibati juu kwenda chini, kisha sabuni ya kazi hiyo, kisha maji ya polepole kutokea ndani kuja nje, ili uchafu urudi njia uliyoingilia.

Na ulirudi. Maji meusi yalishuka uchochoroni moja kwa moja hadi kwenye ndala za kijana wa chipsi, akaruka, akalalamika kwamba tunamletea uchafu wetu kwenye chakula. Mafuta yalikuwa yake mwenyewe.

Binti akaingia na ndani ya chumba kutazama koili ya pili, maana ile ya ndani nayo ina visa vyake. Hiyo ikiziba, hewa haipiti vizuri, koili inagandwa na barafu, na barafu ikiyeyuka na bomba la kutolea maji limeziba, maji yanatafuta njia nyingine. Kwenye ukumbi mmoja wa harusi niliwahi kuona yakipata njia: AC ilimmwagikia MC kichwani wakati anaomba wageni wapige makofi ya maji. Watu walipiga kwelikweli. Kamati ya maandalizi ilikataa katakata kwamba haikuwa kwenye ratiba.

Usiku wa siku ile shangazi akampigia binti simu, akaiweka sauti ya juu ili na mimi nisikie maovu.

"Mwanangu, umeniulia mashine. Haingurumi."

"Kipimo cha mlangoni kinasomaje, mama?"

Shangazi akamulika tochi. "Hasi 18."

"Basi imefika ilipotakiwa kufika, ndiyo maana imejizima. Joto likipanda kidogo itawaka yenyewe."

Shangazi akaitazama simu, akautazama mlango, akaisogeza simu mdomoni. Mashine ile alikuwa ameizoea ikinguruma usiku kucha bila kupumua.

"Imejizima," akasema. "Na nani kaipa ruhusa?"