Sifa za Mstari wa Mguso

Washairi wa Kiswahili, ambao tangu zamani wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, bado hawajautungia utenzi mstari wa mguso, yaani ule mchoro mdogo katika programu ya muziki unaoamua kidole kilichobonyeza kinanda kihesabiwe kuwa kimebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Na upungufu huo hauna budi kuzibwa, walau kwa nathari.

Ieleweke kwanza kwamba kinanda cha MIDI, ambao ni utaratibu wa ala na kompyuta kupashana habari uliowekwa mwaka 1983, hakipimi nguvu hata kidogo. Chini ya kila kibonyezo mna swichi mbili zinazoguswa moja baada ya nyingine, na muda unaopita kati ya ya kwanza na ya pili ndio unaogeuzwa kuwa namba kati ya 1 na 127, kwa kuwa 0 hufahamika kuwa noti imeachwa. Mahaba, hasira na msiba wa mpigaji vyote hupitia katika mwanya huo wa milisekunde chache. Kinanda kisichokuwa na kipimo hicho kiliagizwa kitume 64 daima, apigaye kwa ngumi na apigaye kwa ncha ya kidole wakapata haki sawa.

Mstari wenyewe hupokea namba ya kinanda na kuikabidhi kwa ala ikiwa imerekebishwa: ukinyooka, namba hupita ilivyo, ukibinuka kwenda juu, mguso dhaifu hupandishwa cheo, ukibonyea, mpigaji hudaiwa jasho, na ukilazwa kabisa, bingwa na mtoto anayejifunza hawatofautiani tena kwa ukali wa sauti, usawa ambao hata wanasiasa hawajathubutu kuuahidi.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni kuondoa lawama. Bartolomeo Cristofori, aliyeunda piano huko Florence karibu na mwaka 1700, alitumia nyundo ili uzito wa mkono usikike, na kwa hiyo akawaachia wapigaji mzigo wa kuufundisha mkono huo kwa miaka mingi. Leo anayemfunika mwimbaji kwa kishindo hahitaji kurudi mazoezini, kwani husogeza nukta moja kwa kipanya na kosa likawa la mchoro.

Tena kazi hii haina mwisho, jambo ambalo wavivu wenye bidii hulithamini sana. Mstari uliokubaliana na piano iliyorekodiwa kwa tabaka, ambamo sauti laini hubadilika ghafla kuwa kali pindi namba fulani inapovukwa, huikataa piano ya umeme; kinanda nacho mara nyingi huwa na mstari wake wa ndani, programu ikawa na wa pili, ala ikawa na wa tatu, kila mmoja ukisahihisha masahihisho ya mwenzake. Usiku hupita wimbo haujaanza, na wimbo ambao haujaanza hauna noti hata moja ya kukosolewa.

Wapenzi wa shughuli hii wana kila sababu ya kushangilia, maana MIDI 2.0, iliyopitishwa mwaka 2020, imeipa kasi ya mguso nafasi ya thamani 65,536, na kwa hiyo nukta ile ile inaweza sasa kusogezwa kwa kiasi ambacho hakuna sikio litakalojua kwamba imesogezwa.