Heko, Kisanduku Namba 13

Watu wengi husifu nishani. Mimi leo nimesimama kusifu mahali ambapo nishani ilitakiwa kuandikwa na haikuandikwa.

Mahali penyewe panajulikana kwa namba. Jeshi la Marekani linapomwachia askari wake aende zake, humkabidhi karatasi iitwayo DD 214, ambayo imekuwa ikitolewa tangu mwaka 1950. Ni visanduku juu hadi chini: jina, cheo, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, mafunzo, aina ya utumishi. Mwenye karatasi hiyo ana njia ya kupata mkopo wa nyumba, hospitali ya wakongwe na, siku yake ikifika, kaburi katika makaburi ya taifa. Kisanduku namba 13 ndicho cha nishani, medali, beji na tepe za vita. Kuna watu ambao chao hujaa mpaka maandishi yakahamia kisanduku cha 18, cha maelezo mengineyo. Hao hawanihusu. Namtaka yule aliyekaa vitani mwaka mzima, kisha karani akamwandikia medali moja tu, ile wanayopewa wote.

Hiyo ya wote nayo isidharauliwe. National Defense Service Medal hupewa kila aliyekuwa kazini katika vipindi vilivyotangazwa, cha karibuni kikianza 12 Septemba 2001 na kumalizika 31 Desemba 2022. Si lazima uwe umesikia risasi, yatosha ulikuwepo. Utepe wake ni mwekundu wenye mstari mpana wa njano katikati, na askari wenyewe, watu wasio na adabu, huuita doa la piza.

Usidhani kisanduku huachwa wazi kwa chuki. Chuki ina macho, humchagua mtu wake. Upungufu huu ni wa haraka tu. Siku ya mwisho kambini askari haangalii karatasi, anaangalia lango. Karani ana foleni mbele yake na taarifa nusunusu kwenye kompyuta. "Soma, hakikisha, tia saini." Nani atasoma, na gari linamsubiri nje? Anatia.

Kwa msomaji mwenye ndugu huko, haya si ya mbali. Vijana wetu wenye kadi ya kijani wamevaa sare hizo, na mpango wa MAVNI, uliotangazwa mwaka 2008 ili kuwavuta wahamiaji wenye lugha zilizohitajika jeshini, ulikiweka Kiswahili katika orodha yake. Basi kijana ametoka, anaomba kazi ya serikali kuu, ambako medali ya kampeni ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kumwongezea askari wa zamani pointi 5. Anampigia mwenzake simu.

"Kaka, hebu itazame DD yako. Medali ya Afghanistan imo?"

"Imo."

"Yangu haimo."

"Haimo vipi, na sisi tulilala hema moja?"

Hapo ndipo kisanduku kinapoanza kazi yake njema. Mtu ambaye tangu atoke shule hajawahi kuandika barua ndefu kuliko ujumbe wa simu sasa anatakiwa aandike alikuwa wapi, na kikosi gani, kuanzia lini hadi lini, chini ya nani. Atatafuta picha. Atamtafuta sajini wake wa zamani amwandikie ushahidi wenye saini. Atagundua kwamba sajini amehama mara tatu na sasa anauza magari. Bila karani yule mwenye haraka, nani angewakutanisha?

Tuseme pia jinsi kisanduku kinavyotupa kipimo cha kweli na uongo. Mwaka 2007 huko California, Xavier Alvarez, mjumbe wa bodi ya maji, alisimama mkutanoni akajitambulisha kuwa ametunukiwa Medal of Honor, nishani ya juu kuliko zote. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alishtakiwa kwa sheria ya 2005 iliyokataza uongo wa namna hiyo, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2012 mahakama ikaamua kwamba sheria ile inavunja uhuru wa kusema. Ilibidi Bunge litunge nyingine mwaka 2013, inayomgusa anayedanganya ili ajipatie fedha au faida. Sasa linganisha. Muongo alikuwa na Katiba nyuma yake. Mkweli wetu mwenye kisanduku kitupu ana bahasha na stempu. Anayedai asichokuwa nacho aliachiwa adai. Anayedai chake huambiwa alete uthibitisho. Kama hiyo si heshima kubwa kwa ukweli, kuuwekea masharti magumu kuliko uongo, sijui heshima ni nini.

Kisanduku kina kipaji kingine: kinaweza kuwa kamili leo na kupungua kesho bila mtu kukigusa. Chukua askari aliyepelekwa Korea mwaka 1955, vita vikiwa vimesimama lakini mpaka ukiwa haulali. Alirudi nyumbani, karatasi yake haikukosa kitu. Mwaka 2002 Bunge likapitisha medali ya ulinzi wa Korea kwa waliotumika huko tangu 28 Julai 1954. Mzee alilala hadai, akaamka anadai. Waliokwenda Vietnam nao, wengi walikuwa wameshavua sare pale amri ya mwaka 1974 ilipotolewa kwamba vikosi vyote vya jeshi la nchi kavu vilivyotumika huko vinastahili tuzo ya kikosi ya Msalaba wa Ushujaa wa Vietnam. Amri ilipita, karatasi zao zikabaki kama zilivyokuwa. Na Korea Kusini ilitangaza medali yake kwa waliokuja kuipigania mwaka 1951. Serikali ya Marekani ikakubali askari wake waipokee mwaka 1999. Miaka 48. Wengi walioitwa kuichukua walikuwa wamekwisha kuitika mwito mwingine.

Bora zaidi ni utaratibu wa mwaka 1947. Ilikubaliwa kwamba kila aliyepata beji ya askari wa miguu wa mapambano, au ya tabibu wa mapambano, katika Vita vya Pili vya Dunia anastahili pia nishani ya Bronze Star. Neema iliyoje! Ila neema hiyo haikumfuata mtu nyumbani, ilimngoja aiombe. Na kuiomba kunataka kujua kwamba ipo. Wapo waliokufa wakiwa na Bronze Star halali kabisa ambayo hawakuwahi kuisikia. Hakuna tajiri mnyenyekevu kuliko huyo.

Lakini sifa za kisanduku zingekuwa pungufu kama nisingekwenda nacho St. Louis, Missouri, kwenye masjala kuu ya kumbukumbu za wanajeshi. Majalada yalikuwa yamepangwa katika jengo kubwa kitongojini Overland, na ghorofa zilizohifadhi makaratasi hazikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji dari lote. Usiku wa manane wa 12 Julai 1973 moto ukashika ghorofa ya 6, ya juu kabisa. Chanzo chake hakijathibitishwa. Ulichukua siku nne na nusu mpaka ukatangazwa umezimika, na majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yalikuwa yamepotea. Nakala? Hazikuwepo. Filamu ndogo za kuhifadhi? Hazikuwepo. Hata orodha ya yaliyokuwamo haikuwepo, kwa hiyo masjala haikuweza kusema kwa yakini nani ameungua na nani amepona.

Kinachojulikana ni makadirio. Kwa jeshi la nchi kavu, waliotoka kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960: asilimia 80 ya majalada. Hapo vimo vita viwili vikuu vya dunia na vya Korea. Kwa jeshi la anga, waliotoka kati ya 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964: asilimia 75 ya majalada, na hapa moto ulifuata alfabeti, ukateketeza majina yanayokuja baada ya Hubbard, James E. Tungekuwa na watu wetu kwenye kabati lile, Abdallah angenusurika, na Hamisi pia. Huseni, Juma na Mwinyi wangekuwa majivu. Hakuna bodi ya uteuzi iliyowahi kukata shauri waziwazi hivyo.

Moto haukumaliza yote, maji yaliusaidia. Majalada yaliyookolewa yalitoka yamelowa, joto la Julai la Missouri likayaotesha ukungu, ikabidi yanyunyiziwe dawa na mengine yakakaushwe katika chemba za ombwe za kiwanda cha ndege cha McDonnell Douglas. Majalada milioni 6 na nusu hivi yaliokolewa. Kumbukumbu hizo zipo hadi leo: karatasi zenye kingo nyeusi, katikati maandishi ya taipureta yanasomeka, pembeni neno limekatika pale moto ulipoona inatosha. Ukibahatika, moto uliishia kabla ya orodha ya medali.

Asiyebahatika anaingia katika mazungumzo ambayo mtunzi wa vichekesho angeyaonea wivu. Nataka medali yangu iandikwe. Leta amri iliyoitoa. Amri iko kwenye jalada langu. Jalada lako limeungua. Basi mnajua nilikuwa na jalada. Tunajua, leta amri. Haki yao, lakini, masjala ya St. Louis haikukaa kulia: wafanyakazi wake huunga upya maisha ya mtu kwa hati ya malipo yake ya mwisho, taarifa za kila asubuhi za kikosi, kumbukumbu za hospitali. Nasema haya kwa heshima kabisa. Kumjenga mtu upya kutoka kwenye stakabadhi ya mshahara ni ufundi.

Na pale ufundi unapogota, ipo bodi. Kabla ya 1946 askari aliyeona kumbukumbu zake zimekosewa alimwomba mbunge wake apeleke muswada, sheria nzima ya nchi kwa ajili ya mtu mmoja. Wabunge wakachoka, wakapiga marufuku miswada hiyo, wakaamuru majeshi yawe na bodi za raia za kurekebisha kumbukumbu. Unajaza fomu DD 149. Una miaka mitatu tangu ugundue kosa, ingawa bodi yaweza kusamehe kuchelewa kwa maslahi ya haki. Sheria inaitaka imalize maombi 90 kati ya 100 ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18. Bodi nayo inaanza kazi kwa imani moja: kwamba karatasi ya serikali iko sahihi mpaka wewe uithibitishe vinginevyo. Karani wetu wa siku ile, mwenye foleni na nusu ya taarifa, anachukuliwa kuwa alifanya kazi yake sawasawa. Wewe uliyelala hemani ndiye mwenye kutiliwa shaka. Hapo, naungama, kalamu yangu ya kusifu hukwama kidogo, kwa sababu serikali hiyohiyo ikikudai mshahara uliozidi kwa kosa lake, itakumbuka mpaka senti.

Ukishinda, usitarajie DD 214 mpya. Kwa kawaida unapewa DD 215, karatasi ya pili inayosema kwamba ile ya kwanza, kisanduku 13, iongezwe hiki na hiki. Ile ya kwanza inabaki na upungufu wake wote, na unazibeba mbili pamoja maisha yako yote. Ukifa kabla hujafika hapo, mjane wako au mwanao anaruhusiwa kuendelea na maombi. Wengine huwaachia watoto shamba. Huyu anaacha namba ya faili, na mtoto atakayejua vita vya baba yake kuliko jirani yeyote.

Nimesikia wanaosema kwamba haya ni maradhi ya kisasa, ya kompyuta na vijana wasio makini. Wanamdhulumu karani. Tarehe 7 Agosti 1782, akiwa Newburgh, New York, George Washington aliamuru itolewe beji kwa askari wa kawaida waliotenda jambo la pekee: moyo wa kitambaa cha zambarau, ushonwe kifuani upande wa kushoto. Ni beji hiyo iliyofufuliwa mwaka 1932 kwa jina la Purple Heart. Mwenye kuivaa angepita mbele ya walinzi kama anavyopita ofisa. Anayejivika bila haki angeadhibiwa vikali. Alvarez alikuwa ameshafikiriwa. Na ili sifa isipotee, jina la kila aliyetunukiwa lilipaswa kuingizwa katika kitabu maalumu, Kitabu cha Sifa. Waliothibitika kupewa ni masajini watatu wa Connecticut: Elijah Churchill, William Brown na Daniel Bissell. Kama walikuwepo wengine, majina yao yalikuwa kitabuni. Kitabu hicho hakijapatikana mpaka leo.